Mhitimu wa Soko la Samaki

Muswada wa sheria wa jimbo la New York una desturi yake ya uchapaji, na mgeni hukwama hapo hapo. Maneno yanayoongezwa huandikwa kwa herufi za mlazo au hupigiwa mstari chini. Yanayofutwa huachwa palepale, yakiwa yamefungiwa ndani ya mabano. Msomaji mwenye haraka huona aya ndefu ya Kiingereza cha mahakama, akapiga miayo na kupita. Anayeijua kazi huyatafuta mabano kwanza. Kisha huenda rafuni akafungua sheria ya zamani, kwa sababu muswada mara nyingi hausemi unataka nini: husema tu kwamba kifungu fulani cha sheria ya mwaka fulani kirekebishwe kisomeke hivi. Kifungu hicho kinaelekeza kwenye kingine, cha pili kinaelekeza kwenye cha tatu, na huko mwisho wa safari ndiko zilikofichwa pesa za mtu.

Januari 1904 mtu wa miaka 30 aliingia katika jengo la bunge la jimbo hilo mjini Albany bila kujua hata moja kati ya hayo. Alfred E. Smith, Al kwa watu wa mtaani kwao, alikuwa ameacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane. Baba yake alikuwa mwendesha mkokoteni wa farasi kwenye gati za kusini mwa Manhattan, akafariki mtoto akiwa na miaka 12. Al akaenda kutafuta riziki, na miongoni mwa kazi alizofanya ni ile ya Soko la Samaki la Fulton, kando ya mto East River, kibarua kilichoanza kabla ya alfajiri kwa dola 12 kwa wiki na samaki wa kupeleka nyumbani. Baadaye alipata kazi ya ofisini, akitembeza samansi kwa raia walioitwa mahakamani kukaa katika jopo la kuamua kesi. Jioni aliigiza michezo ya jukwaani ya parokia ya Mtakatifu James. Sauti ile ya kufika mpaka viti vya nyuma aliipatia huko, wala hakuna chuo kingine kilichompa kitu.

Ubunge alipewa. Mwenye baa mmoja aliyeitwa Tom Foley ndiye aliyekuwa bwana wa eneo hilo kwa niaba ya Tammany Hall, mtandao wa chama cha Democrat ulioitawala siasa ya jiji la New York kwa kugawa ajira, makaa ya mawe ya msimu wa baridi na gharama za mazishi. Foley alimchagua Smith mwaka 1903, na katika mtaa ule aliyechaguliwa na Foley huchaguliwa na wote. Kazi aliyotumwa ilikuwa nyepesi: kupanda treni kwenda Albany, zaidi ya kilomita 200 kaskazini kando ya mto Hudson, kukaa kwenye kiti, na kuitikia ndiyo au hapana kama walivyoagiza wakubwa. Mshahara ulikuwa dola 1,500 kwa mwaka, na uchaguzi ulirudiwa kila mwaka. Kusoma hakukuwamo katika mkataba.

Hapa yafaa kueleza ukubwa wa chumba chenyewe. Msomaji wa Kenya asilifikirie bunge la kaunti. Bunge la jimbo nchini Marekani, hasa wakati ule, ndilo lililoshika karibu kila kitu kinachomgusa mtu mwilini: saa za kazi, umri wa mtoto kuajiriwa, milango ya viwanda, bima, fidia ya aliyekatwa mkono na mashine. Washington ilikuwa mbali na mambo hayo. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo walikuwa 150, na Seneti ilikuwa pembeni. Ili muswada upite ulihitaji kura 76, hata kama wajumbe wengine hawakuwapo ukumbini. Katiba ya jimbo ya 1894 ilidai pia kwamba muswada ulale kwenye meza za wajumbe siku tatu ukiwa umechapwa katika sura yake ya mwisho kabla ya kupigiwa kura, isipokuwa gavana akithibitisha kwamba kuna dharura. Siku tatu hizo ziliwekwa ili watu wasome. Wengi walizitumia kucheza karata.

Smith naye alikuwa na usiku wake wa karata, ila kwa sababu nyingine. Siku chache kabla ya kufika Albany, jumba la maonyesho la Iroquois mjini Chicago liliungua na kuua watu zaidi ya 600. Yeye na mjumbe mwenzake walipewa chumba cha ghorofa ya juu hotelini, wakaogopa kulala, wakacheza karata mpaka karibu na mapambazuko. Moto utarudi katika habari hii.

Kikao cha kwanza kikaisha bila yeye kusema neno. Cha pili hali kadhalika. Alikaa viti vya nyuma, na miswada ikarundikana mezani kwake. Kwa kauli yake mwenyewe aliyopenda kuirudia, samaki aliweza kuwatambua kwa kuwatazama jicho tu, lakini karatasi zile zilimshinda. Mwaka wa pili walimpanga kwenye kamati ya mabenki na ya misitu. Benki hakuwahi kuingia ila kupeleka samansi, na msitu hakuwa na habari nao. Ukimtazama kwa haraka utadhani kamati hizo zilikuwa dhihaka, na pengine zilikuwa. Foley alipoona kijana wake anasononeka alimtafutia kazi nyingine mjini, yenye mshahara mzuri kuliko wa ubunge. Smith aliikataa. Alitaka kurudi Albany mara moja zaidi.

Sasa ndipo ufundi unapoanza, na kwa bahati mbaya kwa mwandishi hauna tukio la kusimulia. Mtu anakaa chumbani usiku na rundo la miswada. Anausoma wa kwanza. Haelewi. Anaichukua sheria inayorekebishwa, anazilinganisha mstari kwa mstari, anaelewa robo. Anausoma wa pili. Alisoma miswada ambayo haikumhusu, ya mitaro ya vijiji asivyovijua na ya makaburi ya miji asiyowahi kufika. Alisoma hata muswada wa matumizi ya mwaka, lile dude la mamia ya kurasa ambalo kila idara iliingiza maombi yake na hakuna aliyejua jumla yake inasema nini. Wenzake waliupitisha kwa uzito wa karatasi zake. Yeye aliupita kifungu kwa kifungu: mshahara wa mlinzi wa gereza hili, paa la hospitali ile, na kwa nini paa lile liliombewa pesa mwaka jana pia.

Napenda sana kwamba hakuchagua. Mwanafunzi mwerevu angetafuta miswada mikubwa, yenye magazeti nyuma yake. Smith alisoma yote, kwa kuwa hakuwa na elimu ya kumwambia ipi ni ndogo, na kwa njia hiyo akaijua serikali nzima kuanzia uvunguni. Baada ya miaka michache aliweza kutaja bila karatasi kwamba kifungu fulani kilirekebishwa lini, kwa maombi ya nani, na kilipofutwa nani alinufaika. Mwaka 1906 Spika kijana wa chama cha Republican, James Wadsworth, ambaye kwa ukoo na mali alikuwa kila kitu ambacho Smith hakuwa, alimwingiza kwenye kamati ya bima. Hiyo ndiyo ilikuwa kamati ya moto mwaka ule, maana uchunguzi ulikuwa umetoka tu kufichua uozo wa makampuni makubwa ya bima ya maisha. Wadsworth alikuwa ameona kitu. Chumbani hotelini Smith alipata mwenzake wa kufaa, Robert Wagner, mhamiaji wa Kijerumani na mwanasheria, aliyeingia bungeni mwaka 1905 kwa mlango uleule wa Tammany.

Kusoma pekee hakumfanyi mtu mbunge. Wapo waliosoma wakabaki wachoshi. Smith alipojiamini akasimama, na ikaonekana kwamba ile sauti ya jukwaa la parokia ilikuwa imengoja kitu cha kusema. Namna yake ilikuwa kuuliza. Mjumbe alipotetea muswada wake kwa maneno ya jumla, Smith alimwomba kwa upole afungue ukurasa fulani, mstari fulani, aeleze neno lile lililofungwa kwenye mabano limekosa nini. Mwenye muswada mara nyingi hakuwa ameusoma, kwa kuwa aliandikiwa na wakili wa kampuni. Ukumbi ukacheka. Mtu aliyechekwa namna hiyo mara moja alijifunza kumpitishia Smith nakala mapema.

Lakini hakuwa mkali nje ya ukumbi, na hili ni sehemu ya kazi vilevile. Aliandaa karamu za nyama ya ng'ombe ya chumvi, kabichi na bia, akawaalika wa vyama vyote viwili, wakiwemo wakulima wa Republican kutoka kaunti za kaskazini ambao nyumbani kwao Tammany ilikuwa jina la kutishia watoto. Walikula, wakaimba, wakamsikia Mkatoliki huyu wa gatini akiuliza bei ya maziwa. Kura 76 hazipatikani kwa hoja tupu.

Kuna kisa kinachosimuliwa kila anapotajwa. Siku moja mjadala ulikatizwa kwa habari ya mashindano ya makasia kati ya vyuo vikuu, na wajumbe wakaanza kusimama mmoja mmoja kujitambulisha: huyu wa Yale, huyu wa Harvard, yule wa Michigan. Smith akasimama na kusema yeye ni wa F.F.M. Wakamuuliza hicho ni chuo gani. Fulton Fish Market, akajibu. Ni sawa na mtu kusimama bungeni Dodoma, katikati ya madokta na maprofesa, na kujitaja mhitimu wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Utani ule ulimlinda miaka yote. Kila aliyetaka kumdharau kwa elimu alikuta ameshatangulia.

Mwaka 1911 Democrat waliyashika mabaraza yote mawili. Smith akawa kiongozi wa wengi na mwenyekiti wa kamati ya fedha, Wagner akaongoza Seneti. Tarehe 25 Machi mwaka huohuo, Jumamosi jioni, moto ulizuka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 ya jengo karibu na Washington Square. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya nje ya kutorokea moto iliporomoka na watu juu yake. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano, na wengine walitoka mtaa wa Smith. Alikwenda kuhani nyumba kwa nyumba, akaenda na jamaa zao chumba cha maiti. Siku nne baadaye jengo lenyewe la bunge likashika moto. Maktaba ya jimbo ikateketea pamoja na vitabu na hati zake nyingi, na wajumbe wakahamia ukumbi wa jiji.

Huzuni ilikuwa nyingi mjini, na wenye huzuni waliunda kamati ya watu mashuhuri. Wajumbe wao walipofika Albany walitaka gavana ateue tume ya raia wenye majina makubwa, watu safi wasio na siasa. Frances Perkins, aliyekuwa ameushuhudia moto ule kwa macho yake akiwa barabarani, alisimulia baadaye ushauri aliowapa Smith: msiombe tume ya gavana, ombeni tume ya bunge. Wabunge, aliwaeleza, huwa wanatupa ripoti za wageni. Ya wenzao wataiona ni yao, na watataka ipite. Ukinitaka nionyeshe mahali pamoja ambapo miaka saba ya kusoma na kula kabichi na wapinzani ilizaa kitu, nitaonyesha hapo. Mtu mwema asiyejua nyumba ile angeandika ripoti nzuri sana, ikawekwa rafuni.

Tume ikaundwa kwa sheria mwaka huohuo wa 1911, Wagner mwenyekiti, Smith makamu, na ndani yake wakawemo Samuel Gompers wa vyama vya wafanyakazi na Mary Dreier wa umoja wa wafanyakazi wanawake. Ilikuwa na mamlaka ya kuita mashahidi kwa nguvu. Mwaka wa kwanza pekee ilikagua zaidi ya mahali pa kazi 1,800. Perkins, akiwa miongoni mwa wachunguzi wake, aliwatembeza wanasiasa hao kama wanafunzi. Aliwapeleka mji wa Auburn wakati wa mapambazuko waone wanawake wakitoka zamu ya usiku katika kiwanda cha kamba. Alimpitisha Wagner kwenye kitundu cha ukutani kilichoandikwa kuwa njia ya kutokea moto, akatokea kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu. Kwenye viwanda vya kusindika mboga waliwakuta watoto wadogo mno wakimenya njegere na kukata maharagwe.

Kuona si kazi ngumu. Yeyote mwenye moyo angeona. Ugumu ni kukigeuza kile kitundu cha ukutani kuwa sentensi isiyotoroka. Mlango usifungwe: sawa, lakini usifungwe lini? Wakati wa saa za kazi. Ufunguke upande gani? Wa nje. Mabomba ya kunyunyiza maji dari lote: katika jengo la ghorofa ngapi, lenye wafanyakazi wangapi, juu ya ghorofa ipi? Kila nambari katika sheria hizo ilipiganiwa na wenye majengo, kwa kuwa nambari moja ikisogea, mamia ya viwanda yanatoka nje ya sheria bila kelele. Smith, aliyekuwa amesoma miaka yote ile jinsi wengine walivyoficha vichochoro, sasa alikuwa akiviziba.

Na jambo la kifundi kuliko yote likaja mwaka 1913. Badala ya kujaza kila kipimo ndani ya sheria, walianzisha bodi ya viwanda ndani ya idara ya kazi, wakaipa uwezo wa kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria. Mashine hubadilika, kemikali mpya huingia kiwandani, na bunge hukutana miezi michache tu. Sasa kanuni ingeweza kufuata mashine bila kurudi Albany kuombwa upya kwa wenye viwanda. Hakuna gazeti lililouza nakala nyingi kwa habari ya bodi ile. Wanasheria wa makampuni, wao, waliielewa mara moja.

Sheria zaidi ya 30 zilitokana na tume ile ndani ya miaka michache. Katika mjadala wa siku moja ya mapumziko kila wiki, wenye viwanda vya makopo waliomba wasamehewe, kwa hoja kwamba njegere haingoji. Smith alijibu kwa kifupi kwamba ameisoma amri ya kuitakasa Sabato kwa makini na hakuona mahali iliposema isipokuwa katika viwanda vya makopo. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na kinachonifurahisha ni kwamba ni ujanja wake uleule wa ukumbini: mwenzangu, nionyeshe mstari.

Ingekuwa hadithi safi kama ingeishia hapo. Mwaka huo wa 1913 Smith alikuwa Spika, na gavana mpya, William Sulzer, mtoto wa Tammany, aligombana na bwana wa Tammany, Charles Murphy, juu ya vyeo na juu ya namna ya kuteua wagombea. Murphy akaamua aondolewe. Alfajiri ya tarehe 13 Agosti, baada ya kikao cha usiku kucha, Baraza likamshtaki Sulzer kwa kura 79 dhidi ya 45, na Oktoba akavuliwa ugavana. Sulzer alikuwa na makosa ya kweli katika hesabu za fedha za kampeni. Hiyo haikuwa sababu halisi ya kushtakiwa. Mikono iliyojua kuhesabu kura za kumlinda msichana wa kiwandani ndiyo iliyohesabu kura za kulipiza kisasi cha bwana mkubwa, na ilihesabu vizuri vilevile. Wapo wanaompenda Smith ambao hupita ukurasa huu mbio. Mimi nauona ni wa lazima, maana unaonyesha ufundi ulivyo wenyewe, bila pambo. Novemba ile wapiga kura wakawanyang'anya Democrat Baraza, ingawa yeye mwenyewe alirudi.

Kipimo cha mwisho kilifika mwaka 1915, jimbo lilipoitisha mkutano wa kuandika katiba upya. Mwenyekiti alikuwa Elihu Root, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani na mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani, na wajumbe wengi walikuwa mawakili wakubwa wa Republican. Smith alikuwa katika wachache. Ulipofika mjadala wa fedha alieleza jinsi muswada wa matumizi unavyotungwa kwa kweli, idara kwa idara, pesa inavyoombwa mara mbili, na hakuna mtu hata mmoja wa kuulizwa. Hakuna aliyeweza kumsahihisha. Root alisema waziwazi kwamba kati ya wote mle ndani Smith ndiye aliyeijua kazi ya serikali ya jimbo kuliko wengine. Walikubaliana, wapinzani hawa, kwamba gavana atengeneze bajeti moja na kuijibia. Novemba wananchi wakaikataa katiba nzima.

Mwaka huo ukawa wa mwisho wake bungeni baada ya kuchaguliwa mara 12. Alipokuwa gavana, mara nne alipewa na wapiga kura, alirudi na wazo lilelile la bajeti na kulipigania na bunge lilelile, wengi wao wakiwa Republican ambao sasa hawakupenda tena kumpa gavana mamlaka hayo. Marekebisho ya katiba yalipita kwa kura ya wananchi mwaka 1927, yaanze kutumika Januari 1929. Smith alikuwa ameshaondoka ofisini, ameshashindwa kugombea urais dhidi ya Herbert Hoover, akiwa Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa. Bajeti ya kwanza ya namna hiyo iliandikwa na mrithi wake, Franklin Roosevelt. Bunge likagoma kuikubali kama ilivyo, likaingiza vifungu vya kujirudishia usemi katika kugawa pesa, na kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo. Mahakama ikampa gavana ushindi.